Dawa ya Viti vya Gari Itumiwe kwa Akili

Mvua ya Shabunda haipigi hodi. Huufurisha mto Ulindi na kuzigeuza barabara kuwa matope matupu. Matope hayo huingia garini kwa viatu na mizigo ya abiria, mpaka viti vikanuka uvundo. Si ajabu basi mwenye gari akishawishika kununua kopo la dawa ya kupuliza, izuiayo maji na madoa yasiingie katika kitambaa. Dawa hiyo yafaa, lakini ina miiko yake.

Kwanza tuvijue viti vyetu. Kitambaa hunywa maji. Vinili, yaani ile ngozi ya plastiki iliyo katika viti vingi, milango, dashibodi, hata viti vya pikipiki, hainywi maji. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon aligundua namna ya kuifanya plastiki hiyo ngumu iwe laini, kwa kuichanganya na vitu vya kulainisha. Vikiitoka vitu hivyo, vinili hukakamaa na kupasuka.

Dawa nyingi za kitambaa zimeyeyushwa katika kitu cha jamii ya petroli. Nyuzi huinywa dawa, kiyeyushi huruka hewani, kinga hubaki. Ikiangukia vinili haina pa kuingia: hukaa juu na kuacha mabaka, tena kiyeyushi kikali chaweza kuvitoa vile vitu vya kulainisha. Nazo dawa za kung'arisha, zenye mafuta ya silikoni, zisipakwe kamwe juu ya usukani, pedali, wala kiti cha pikipiki. Dereva akiteleza mlimani, mng'ao utamfaa nini?

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ya mapafu. Katika majira ya baridi ya mwaka 2002 hadi 2003, watu wengi wa Uswisi na Uholanzi waliugua kifua baada ya kupuliza dawa za kuzuia maji majumbani mwao. Matone yake ni madogo mno, hufika mpaka ndani kabisa ya mapafu. Na gari lililofungwa ni chumba kidogo kuliko vyote.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Someni kwanza maandishi ya kopo. Egesheni gari nje, penye upepo, mbali na moto na sigara. Fungueni milango yote, nanyi watoto kaeni mbali. Safisheni kitambaa, mkiache kikauke. Funikeni vinili kwa gazeti au nguo kuukuu. Jaribuni dawa mahali pasipoonekana, kisha pulizeni kidogo kidogo, kinywa chenu kikiwa upande utokako upepo. Tone likiangukia vinili, lipanguseni mara moja kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Milango ibaki wazi hata dawa ikauke na harufu iishe, ndipo abiria wapande.

Kopo lisiachwe garini juani, maana joto likipita digrii 50 laweza kulipasua. Wala kopo tupu lisitobolewe au kutupwa motoni. Na mwenye viti vya vinili vitupu asipoteze fedha yake: maji, sabuni laini na kivuli vyamtosha.