Brussels, Mji wa Majina Mawili

Msafiri abebaye shanta mgongoni, asiye na mwenyeji wala gari, huujua mji kwa maandishi ya ukutani kabla ya kuwajua watu wake. Katika jiji la Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kuta humlaki kwa lugha mbili. Kila kibao cha mtaa kina jina la Kifaransa na la Kiholanzi. Uwanja mkongwe wa katikati ya mji ni Grand-Place na papo hapo ni Grote Markt. Nilipokuwa nikizurura huko kwa miguu, ulinivutia hasa mtaa mwembamba wa mikahawa uitwao Rue des Bouchers, yaani mtaa wa wauza nyama. Kwa Kiholanzi ni Beenhouwersstraat, na wauza nyama hao, tukilivunja neno lenyewe, ni wakata mifupa! Mwanaisimu hashibi mambo kama hayo, ijapokuwa bei za mikahawa ile si za mbeba shanta.

Hata hivyo, tusihadaike na usawa wa vibao. Mji huu ulizungumza Kiholanzi kwa karne nyingi. Leo Kifaransa ndicho kinachotamba madukani na barabarani. Kilichokibakiza Kiholanzi ukutani ni sheria. Sheria za lugha za 1962 na 1963 ziliuweka mpaka: kaskazini Kiholanzi, kusini Kifaransa, na Brussels lugha zote mbili. Garimoshi likiuvuka mpaka huo, matangazo nayo hubadilika lugha. Anayekwenda Liège kutoka Leuven atalitafuta jina hilo ubaoni asilione, kwani limeandikwa Luik.

Huko Leuven ugomvi uliingia hadi chuoni. Mnamo 1968, baada ya wanafunzi kuandamana wakidai sehemu ya Kifaransa ihame, chuo kikuu kilichoasisiwa 1425 kiligawanywa. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa, vya namba shufwa upande huu na vya witiri upande ule. Sitamani tuige upuuzi huo. Lakini Katiba yetu ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwalimu na awaambie wanafunzi wake wahesabu vibao vya Kiswahili kati ya nyumbani na shuleni.

Upo mtaa mwingine wa Brussels usiosemwa sana na vitabu vya watalii: Matongé, katika manispaa ya Ixelles, uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji kuanzia 1908 hadi 1960, na Wakongo wengi hukutana hapo. Milangoni mwa saluni na maduka ya vyakula nilisikia Kilingala, kisha, kwa furaha iliyonisimamisha njiani, Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Tuliamkiana, tukaelewana bila taabu. Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba mwaka wa 2018. Kibao chake kimetimiza sheria barabara: Square Patrice Lumumba, Patrice Lumumbasquare. Lumumba alikijua Kiswahili na Kilingala. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa hapo.