Umri wa Baruti Hausomwi kwenye Kalenda

Nchini Marekani, ambako mtu wa kawaida huruhusiwa kujaza upya maganda ya risasi nyumbani kwake, swali hili huibuka kila mlenga shabaha mzee anapofariki. Warithi wanafungua stoo na kukuta makopo ya baruti ya miaka ya 1970, mengine hata kizibo hakijaguswa. Baruti ni ghali, na mara nyingine huadimika madukani. Je, bado inafaa? Mmoja atakwambia baba yake alitumia baruti ya enzi za Vita Kuu ya Pili mpaka ikaisha, wala haikumdhuru. Mwingine atasema ya kwake iliharibika kabla ya kutimiza miaka 20. Wote wawili wanasema kweli. Nataka tuelewe kwa nini, kwa sababu kemia iliyomo ndani ya kopo la nusu kilo ndiyo ileile iliyowahi kuteketeza manowari bandarini na kuiacha nchi bila nusu ya umeme wake.

Kwanza tutenganishe baruti mbili. Baruti nyeusi, ile ya magobole, ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Vitu hivi vitatu vikiwa vikavu havisumbuani, kwa hiyo baruti hiyo ikihifadhiwa pakavu hudumu karne nzima na zaidi. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji wa mabaki ya kale aliuawa na kombora la mzinga la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vita vilivyokwisha mwaka 1865. Adui wa baruti nyeusi ni unyevu. Ikilowa, shura huyeyuka na kuhama kutoka kwenye chembe zake, na hata ukiianika haiungui tena kama ilivyotengenezwa.

Makopo ya warithi wale yana kitu kingine kabisa: baruti isiyo na moshi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata njia ya kuifanya naitroselulosi, yaani nyuzi za pamba zilizobadilishwa kwa asidi, iungue kwa mpangilio ndani ya mtutu badala ya kulipuka yote kwa mara moja. Aina nyingine huongezewa naitrogliserini. Nguvu ya baruti hii imefungwa ndani ya molekuli yenyewe, na kifungo hicho ni dhaifu. Tangu inapotoka kiwandani, molekuli chache huvunjika zenyewe, usiku na mchana, hata kopo likiwa limefungwa kabisa. Zinapovunjika hutoa gesi za oksidi za naitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu huwa asidi, asidi huvunja molekuli nyingine, nazo hutoa gesi zaidi. Na kila hatua ya mzunguko huo hutoa joto.

Hakuna njia ya kuuzima mzunguko huo moja kwa moja. Kinachowezekana ni kuzinasa zile gesi kabla hazijaanza uharibifu, na ndiyo sababu viwanda huchanganya kemikali ya kulinda baruti, mara nyingi difenilamini, kiasi cha asilimia moja hivi ya uzito. Kazi yake ni ya ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja. Maadamu ndoo haijajaa, sakafu ni kavu na mwenye nyumba halalamiki. Ikishajaa, maji hayangoji. Kwa hiyo baruti inaweza kukaa miaka 40 ikifyatua vizuri kabisa, kisha ikaharibika kwa haraka ambayo mwenyewe hakuitarajia. Kwamba ilifanya kazi mwaka jana si ushahidi wa mwaka huu.

Wafaransa walilipia somo hili kwa damu. Baruti zao za mwanzo zililindwa kwa alkoholi ya amili, ambayo huvukiza na kutoweka, na maghala ya manowari yalikuwa na joto. Tarehe 12 Machi 1907 manowari Iéna ililipuka ikiwa gudini katika bandari ya Toulon, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari hiyohiyo, Liberté ikalipuka na kuua zaidi ya 200. Lawama ziliiangukia baruti iliyochakaa, na difenilamini ikachukua nafasi ya alkoholi ile. Jeshi la wanamaji la Marekani nalo likawa na utaratibu wa kuweka sampuli za baruti yake kwenye chupa ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 65.5 za Selsiasi, na kuhesabu siku mpaka moshi mwekundu utokee. Siku zikipungua kupita kiasi, shehena nzima iliyotolewa sampuli hiyo huondolewa ghalani.

Chumba hicho cha joto kinatupa jibu la ubishi wa warithi. Kwa makadirio ya jumla ya wanakemia, joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mmenyuko huongezeka mara mbili hivi. Kwa naitroselulosi huweza kuzidi hapo. Kopo lililokaa kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye nyuzi 15 mwaka mzima na kopo pacha lake lililokaa chini ya paa la bati lenye nyuzi 45 mchana hayana tena umri mmoja, ingawa yalinunuliwa siku moja. Saa hizo za joto, la pili huzeeka kwa kasi mara nane ya la kwanza, pengine zaidi. Ndiyo maana nikiulizwa baruti ina miaka mingapi, nami huuliza ilikaa wapi.

Saiprasi walikuwa na jibu la swali hilo mbele ya macho yao. Mwaka 2009 meli Monchegorsk, iliyotoka Iran ikielekea Syria, ilizuiwa, na shehena yake ikashushwa kisiwani humo: makontena 98, sehemu kubwa yake ikiwa baruti. Yalipangwa nje, juani, katika kambi ya wanamaji ya Evangelos Florakis, yakapigwa na jua la kiangazi mwaka baada ya mwaka. Barua za onyo ziliandikwa. Mwanzoni mwa Julai 2011 kontena moja lilivimba, dalili ambayo mkemia yeyote angeisoma kwa hofu. Alfajiri ya tarehe 11 Julai moto ulizuka, kisha mlipuko ukaua watu 13, wakiwemo wazima moto na mkuu wa jeshi la wanamaji, Andreas Ioannides, na kuharibu kituo cha umeme cha Vasilikos kilichokuwa kikitoa takriban nusu ya umeme wa nchi. Vifo vile vingeepukika, na hilo ndilo linaloniuma.

Kopo dogo hupoteza joto lake upesi kuliko kontena, kwa hiyo ni nadra lijiwakie lenyewe. Hata hivyo halipaswi kubaki nyumbani likionyesha dalili. Baruti nzima ina harufu ya kiyeyusho, karibu na ya spiriti. Iliyooza huchoma pua kwa ukali wa asidi. Utaona vumbi la rangi ya kutu juu ya chembe, kutu ndani ya kopo la bati, kifuniko kilicholika, au moshi wa kahawia ukifungua. Dalili moja inatosha. Risasi zilizojazwa kwa baruti hiyo nazo huoza kutoka ndani: asidi hula shaba ya ganda mpaka linapasuka, wakati bunduki ya kivita au ya kuwindia hufanya kazi kwa shinikizo linalofika takriban mara 4,000 ya shinikizo la hewa, sentimita chache kutoka usoni mwa mpigaji.

Lakini wengi hupuuza hatari nyingine ambayo haina harufu, nayo ni kopo lisilo na lebo au baruti iliyohamishiwa kwenye chombo kingine. Chembe za baruti inayoungua haraka na za ile inayoungua taratibu huweza kufanana kabisa kwa macho. Kipimo kilicho salama kwa moja hupasua bunduki kwa nyingine. Baruti ambayo lebo yake ya kiwanda haipo, au ambayo mahali ilikokaa hapajulikani, nisingeijaza kwenye ganda lolote, hata kama inanukia vizuri na hata kama ni kopo la mwisho.

Kwetu Afrika Mashariki, wachache hujaza risasi nyumbani, lakini magobole yapo vijijini, na joto la pwani halihitaji maelezo. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwepo Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011 wanajua ghala la silaha likilipuka linafanya nini kwa mitaa inayolizunguka. Ukikuta risasi kuukuu au kopo la baruti kwenye sanduku la marehemu, usilitikise, usilimimine chooni, wala usilichome ili kuona kama bado lina nguvu. Liache palepale, watoe watoto chumbani, zuia sigara na jiko, kisha nenda kituo cha polisi mikono mitupu ukawaeleze liliko ili waje wenyewe.