Je, wajua? Lenzi ya kupachika hukupa umbali

Lenzi ndogo inayopachikwa mbele ya kamera ya mfukoni husifiwa kwamba hukuza vitu. Sifa hiyo si ya uongo, ila inaacha jambo kubwa zaidi: umbali kati ya kamera na kitu. Kamera nyingi za aina hiyo tayari zina hali ya picha za karibu, ile yenye alama ya ua, na baadhi huona vizuri hata kitu kilicho sentimita 1 tu kutoka kwenye kioo. Lakini ukaribu huo hupatikana lenzi ya kamera ikiwa haijavutwa. Ukiivuta, kamera hugoma kufokasi mpaka urudi nyuma. Msogelee nzi kwa sentimita 1 uone: kivuli cha kamera kitamfunika, naye ataruka zake.

Nguvu ya lenzi ya kupachika hupimwa kwa dayopta, kipimo kilekile cha miwani ya kusomea. Gawanya 1000 kwa namba yake, unapata urefu wa fokasi kwa milimita. Lenzi ya kupachika ya Raynox DCR-250 ni ya +8, yaani milimita 125. Kamera ikifokasi mbali kabisa, kitu kilicho sentimita 12.5 mbele ya lenzi hiyo huonekana wazi, na umbali huo haubadiliki hata ukivuta. Kinachobadilika ni ukubwa wa taswira. Kamera iliyovutwa hadi urefu halisi wa fokasi wa milimita 60, ukigawanya kwa 125, hutoa taswira ya karibu nusu ya ukubwa halisi. Kihisi cha kamera ndogo kina upana wa milimita 6 hivi, hivyo picha nzima hubeba milimita 13 tu. Nzi wa nyumbani hujaza nusu yake, na hajashtuka.

Wapo wanaolalamika kwamba lenzi hizi huacha kingo za zambarau. Ni kweli kwa zile za kioo kimoja, kwa sababu kioo hupinda mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Zinazounganisha vioo vya aina mbili hurekebisha kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa, na bei yake hupanda ipasavyo. Lawama ya pili ina uzito zaidi: sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba mno, jicho likikaa sawa mabawa yanakuwa ukungu. Kubana tundu la mwanga hakusaidii sana, maana kwenye kihisi kidogo mwanga huanza kutawanyika mapema na picha nzima hulegea. Afadhali kumpiga mdudu picha ubavuni, mwili wake ukiwa sambamba na lenzi.