Mwanga wa Jua na Rangi ya Nchi

Watu wengi hudhani ya kuwa joto la mahali hutegemea ukali wa jua peke yake. Sivyo. Kitu kinachopigwa na jua nacho kina sehemu yake. Kitu cheupe hurudisha mwanga mwingi juu. Kitu cheusi huumeza, na mwanga uliomezwa hugeuka kuwa joto.

Kila mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili. Twaa makopo mawili ya bati yaliyo sawa. Moja lipake chokaa kwa nje, la pili lipake masizi. Yatie maji kwa kipimo kimoja, uyafunike, kisha uyaweke juani tangu saa tatu ya asubuhi hata saa sita. Ukitia kidole utaona ya kuwa maji ya kopo jeusi yana moto zaidi. Jua lilikuwa moja, na maji yalikuwa sawa. Tofauti ni rangi tu.

Basi tazama mitaa ya nje ya mji wa Dar es Salaam, kama Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, au Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni. Zamani palikuwa na minazi na mikorosho mingi, na nyumba za makuti. Siku hizi nyumba zimesongamana, zimeezekwa mabati, na njia kubwa zimetiwa lami. Bati lililoshika kutu humeza mwanga, na chumba kilicho chini yake huwa kama tanuri. Jua likichwa, bati hupoa upesi kwa kuwa ni jembamba; lakini lami na kuta za saruji hushika joto na kulitoa polepole, hata watu hukosa usingizi.

Labda mtu atauliza, "Mbona majani ya mwembe yamekoza rangi, na chini yake pana baridi?" Mwembe hutia kivuli, tena majani yake hutoa mvuke, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Kwa hiyo aukataye mwembe na kutia lami mahali pake hupata hasara mara mbili.

Mambo ya mtaa ndiyo ya dunia nzima. Katika kila sehemu 100 za mwanga wa jua unaoifikia dunia, sehemu kama 30 hurudishwa, nyingi kwa mawingu. Theluji mpya hurudisha sehemu 80 au zaidi. Bahari, jua likiwa la utosi, haifikishi 10. Hapo ndipo ilipo hatari. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta umeiongezea dunia joto, na barafu ya bahari ya kaskazini inayeyuka. Ikiisha kuyeyuka, maji meusi hufunuliwa. Nayo humeza mwanga, hupata joto, na kuyeyusha barafu nyingine. Hivyo joto huzaa joto.

Hata mlima Kilimanjaro una habari hizi. Mwaka 1912 barafu yake ilienea kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Sababu moja kubwa ni upungufu wa theluji mpya. Theluji isipoanguka, barafu kuukuu hubaki wazi, nayo si nyeupe kama theluji. Basi humeza jua na kupungua.

Bati moja lililopakwa rangi nyeupe haliwezi kuipoza dunia. Walakini laweza kupunguza joto la chumba ambamo mtoto husoma na mgonjwa hulala. Wazee wa pwani walipaka kuta zao chokaa na kuvaa kanzu nyeupe. Basi ajengaye nyumba leo na achague rangi ya paa lake kwa akili, na apande mti ubavuni mwa nyumba.