Wazee waliorudi jukwaani: Shikamoo Jazz ilitoka wapi?

Kila inapofika Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, magrupu yetu ya WhatsApp huku Uingereza hujaa picha za kina babu na bibi zilizozungushiwa maua, na chini yake dua za maisha marefu. Safari hii mmoja wetu hakuweka picha, akatupia wimbo wa Shikamoo Jazz. Vijana wakaanza kuuliza: bendi hii ya wapi, na kwa nini inaitwa hivyo? Kuwajibu inabidi nianze na suala la vyombo, yaani magitaa na maspika vilikuwa vya nani.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi kubwa za dansi Tanzania zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa na yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake, hata Shirika la Bima nalo halikubaki nyuma. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Sitaki kuubeza utaratibu huo. Nyimbo nyingi tunazoziita zilipendwa, zile ambazo mama zetu wakizisikia jikoni huacha mwiko na kuanza kuyumba taratibu, zilizaliwa humo.

Ila vyombo vilikuwa vya mwajiri. Gitaa la solo, la rizimu, la besi, saksafoni, tarumbeta, amplifaya, vyote mali ya shirika. Ukihama bendi, na wanamuziki wa enzi hizo walihamahama kama wachezaji wa mpira, unaondoka na vidole vyako tu, kwa kuwa uendako utakuta vyombo vingine. Mambo yalikwenda hivyo maadamu ipo bendi ya kuhamia. Siku umri umekwenda, au shirika limechoka kulipia muziki, unarudi nyumbani na nyimbo tele kichwani na huna hata uzi mmoja wa gitaa. Kununua lako ilikuwa ndoto, kwa sababu gitaa la umeme lilitoka nje, na fedha za kigeni katika miaka ya 1980 kila mtu anajua zilivyokuwa adimu.

Rekodi nazo hazikuwasaidia sana. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizi kwa wingi, wimbo ukarushwa miaka nenda miaka rudi, na kanda ikabaki redioni. Mitaani wakazuka wauzaji wa kaseti za kunakili. Sheria mpya ya hakimiliki ilipopitishwa mwaka 1999, watunzi wengi wa zamani walikuwa wameshazeeka na wengine wameshazikwa. Kwa hiyo ukimkuta mzee aliyewahi kujaza ukumbi mzima, sasa amekaa kwenye benchi mbele ya duka la jirani, usidhani alitapanya mali. Nyingi hazikumfikia.

Hapo ndipo wazo la mwaka 1993 linapokuwa na akili. HelpAge International, shirika linaloshughulika na wazee, lilisaidia kuwakusanya wakongwe wa dansi jijini Dar es Salaam na kuwapatia vyombo. Mtu angetarajia blanketi na unga. Wao wakapata magitaa, wakaanza mazoezi, wakarudi kwenye kazi waliyoijua, wapate riziki yao wenyewe. Jina likawa Shikamoo Jazz, nalo lina utani wake: hata ukiwa bosi mwenye ukumbi, ukilitaja jina la bendi umeshawaamkia.

Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, aliyekuwa kinara wa Kiko Kids ya Tabora, bendi iliyotamba kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wasikilize wanavyopiga rumba na chacha. Hawana haraka. Gitaa la solo linauliza, saksafoni inajibu, mwimbaji anasubiri zamu yake bila kuwapigia kelele wacheza dansi. Mimi nasema wazi kwamba muziki wa aina hii unataka mtu aliyeshapiga maelfu ya usiku. Kijana ataweza kuzinakili noti zote na bado asijue wapi pa kunyamaza.

Mwaka 1995 Shikamoo Jazz walikuja kupiga hapa Uingereza, na katika msafara walikuwamo wageni wawili wazito. Mmoja ni Fundi Konde wa pwani ya Kenya, mpiga gitaa aliyezaliwa 1924, aliyewahi kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Burma wakati wa Vita vya Pili. Wa pili ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Mwenyewe aliuhesabia enzi za rupia, fedha iliyoondoka Zanzibar mwaka 1936.

Bi Kidude anahitaji maelezo kidogo, maana watu wa huku walimtazama kama kioja: bibi kizee mvuta sigara, sauti ya mkwaruzo, ngoma ndefu kaifunga kiunoni kwa kanga na kuisimamia kama kijana. Tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005 ilimtangaza zaidi. Lakini kwao Unguja hakuna aliyeshangaa kwamba bibi anapiga ngoma. Alikuwa mtu wa unyago, anawafunda wari, na kazi hiyo humpi msichana. Uzee kwake ulikuwa ndiyo sifa ya kuajiriwa. Aliendelea hadi karibu na kifo chake, Aprili 17, 2013.

Hiyo Oktoba 1 yenyewe ilitengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 1990, na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ni ya mwaka 2003. Zanzibar ikaenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Mpiga gitaa asiye na faili la utumishi popote naye anahesabika hapo.

Na sisi? Katika sherehe zetu mzee huwekwa meza kuu, hupewa cheti na kitenge, kisha muziki unawashwa juu hadi hasikii anayemsemesha. Ndugu zangu, miongoni mwa wazee wetu humu wamo waliopiga bendi, wapo mafundi cherehani, wapo bibi wanaojua kufunda. Kamati ya sherehe zetu za Desemba inapopanga bajeti, iweke fungu la mzee mmoja wa kupanda jukwaani, akodiwe gitaa zuri na alipwe malipo ya awali, kama tunavyomlipa DJ.