Mwana Anapomlilia Mtu wa Hadithi

Huenda mzazi akamkuta mwanawe ameinama mezani, machozi yanamlengalenga, mbele yake karatasi iliyojaa namba na dadu yenye pande 20. Akimuuliza kulikoni, hujibu, "Amekufa." Aliyekufa ni mhusika wa mchezo. Wengi wetu tungecheka, na hapo tungekosea.

Mchezo wa namna hii uliojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna dau wala mshindi. Mmoja huwa msimulizi. Waliosalia kila mmoja hubuni mhusika wake, akampa jina, tabia na azma, nacho kisa kikaendelea kwa mazungumzo na kwa kurusha dadu. Mhusika mmoja aweza kuchezwa miezi, hata miaka. Ndipo kifo chake kikauma.

Katika kanuni za mwaka 2014, mhusika aliyeishiwa nguvu kwa kawaida hafi papo hapo. Kila zamu yake mchezaji hurusha dadu: 10 na zaidi ni heri, chini yake ni shari. Heri tatu zikitangulia, hali yake hutulia. Shari tatu zikitangulia, amekufa. Muda huo wenzake waweza kumwokoa.

Hata hivyo, kanuni hazimtulizi mchezaji. Wasimulizi wenye busara huwakalisha wachezaji kabla ya kuanza, wakaafikiana: je, mhusika aweza kufa? Ikiwa mezani kuna watoto wadogo, huamua kwamba atakayeshindwa atatekwa au kujeruhiwa tu. Kifo kikitokea, mchezo husimama kidogo. Mwenye mhusika hupewa nafasi ya kusimulia maneno yake ya mwisho, nao wenzake humkumbuka. Kisha hapewi kazi ya kutazama tu. Huazimwa mhusika mwingine mpaka atakapobuni wake mpya.

Nasi nyumbani tuna sehemu yetu. Bibi zetu walipotusimulia hadithi, tuliwalilia watu ambao hawakupata kuwapo, wala hawakutucheka. Basi tusimwambie mtoto, "Ni mchezo tu." Tumuulize, "Alikuwa mtu wa namna gani?" kisha tumsikilize hadi mwisho. Mtoto aliyesikilizwa katika huzuni ndogo hatatuficha iliyo kubwa.