Baskeli ya Umeme Kutoka Ndani ya Boksi: Tuliyojifunza kwa Wakulima wa Bukoba na Muleba

Tangu msimu uliopita wa karafuu tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara juu ya baskeli za umeme. Wengine wataka kujua kama zinafaa kwa vilima vyetu vya Pemba. Wengine wamekwisha nunua, boksi limelala ukumbini, wala hawajui waanzie wapi. Hatukupenda kujibu kwa khabari za kusikia. Basi tulipokwenda mkoani Kagera kuwatembelea wakulima wenzetu wa kahawa, huko Bukoba na Muleba, tulilitazama jambo hili kwa macho yetu.

Nchi ile yafanana na yetu kwa mambo mengi. Mvua ni nyingi, njia za shambani zapanda na kushuka, na kahawa imepandwa pamoja na migomba. Wakulima wake ni watu wa ushirika wa zamani. Chama chao kikuu cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950, na leo chajulikana kama KCU. Baskeli kwao ni chombo cha kazi: mikungu ya ndizi hufungwa pande zote mbili, na mwenyewe mara nyingi huisukuma kwa miguu mlima mzima. Ndiyo maana mota ya umeme yawavutia. Hata ng'ambo ya ziwa, huko Jinja nchini Uganda, jumuiya ya baskeli iitwayo FABIO, ikishirikiana na wenzao wa Ujerumani, imetengeneza baskeli ya umeme kwa ajili ya barabara za Afrika, na betri zake huweza kutiwa moto kwa umeme wa jua.

Yaliyompata mwenyeji wetu

Mwenyeji wetu mmoja, wa upande wa Kamachumu wilayani Muleba, alinunua baskeli ya umeme kwa fedha za kahawa ya msimu mzima. Ilimfikia ndani ya boksi. Jioni ile ile, kwa mwanga wa taa, akaiunganisha, na asubuhi akateremka nayo Muhutwe kuchukua dagaa na chumvi. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, akasikia mlio mmoja nyuma yake na mota ikanyamaza. Akausukuma mzigo kwa miguu hadi nyumbani. Baskeli ikalala wiki nyingi ikingoja waya mpya.

Kosa lilikuwa dogo. Nati za ekseli ya gurudumu la nyuma hazikukazwa vya kutosha, na washa yenye jino haikuingia mahali pake. Yeye mwenyewe alituambia kwamba anashukuru alikuwa akipanda; lau ingekuwa breki ya mbele, naye anateremka, tusingemkuta.

Kisa hiki twakileta kwa sababu kina fundisho lote. Anayenunua baskeli dukani ameletewa kazi ya fundi iliyokwisha. Anayenunua boksi amejifanya fundi yeye, na mota humzidishia uzito na mwendo. Kwa hiyo breki na nati zataka kuangaliwa kwanza, kabla ya umeme.

Namna ya kuunganisha

Fanya kazi mchana, mahali penye sakafu safi, na utandike mkeka ili nati isipotee. Toa kila kitu, ukilinganishe na orodha ya kitabu chake. Usitupe boksi mpaka umemaliza. Betri iweke kando. Isiingie katika baskeli mpaka mwisho.

1. Uma wa mbele na usukani. Ndani ya boksi uma mara nyingi hugeuzwa nyuma ili upate nafasi, na wengi huufunga hivyo hivyo. Kama baskeli ina breki ya diski, tazama: kishikio cha breki ya mbele chapaswa kuwa upande wa kushoto wa mpandaji. Kikiwa kulia, uma umegeuka. Bolti za usukani zikaze kidogo kidogo kwa zamu, moja na ya pili, mpaka zote zilingane. Kisha libane gurudumu la mbele kwa magoti, ujaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, haujakazika.

2. Gurudumu la mbele na breki. Ingiza ekseli mpaka ifike mwisho wa nafasi zake pande zote mbili, ndipo ukaze. Kama breki ni za mafuta, kuna kipande cha plastiki kati ya pedi. Kitoe wakati wa kutia gurudumu, wala usibonyeze mkono wa breki kabla diski haijaingia, kwani pedi zitabanana. Diski na pedi zisiguswe na mafuta wala grisi. Hata mkono wenye mafuta ya nazi waweza kuiharibu breki.

3. Kanyagio. Kila moja ina alama, R ya kulia na L ya kushoto, na ya kushoto ina meno yaliyogeuzwa. Kumbuka hivi: zote mbili hukazwa kwa kuzungusha spana kuelekea mbele ya baskeli. Paka grisi kidogo, anza kwa vidole, na ikikataa usiilazimishe. Aliyelazimisha amekwisha kula meno ya mkono wa kanyagio.

4. Kiti. Mlingoti wake una mstari wa mwisho. Mstari huo usionekane nje. Ukionekana, mlingoti waweza kuvunjika au kuipasua fremu.

5. Ekseli ya mota. Hapa ndipo alipokosea mwenyeji wetu, nasi twataka kueleza sababu. Katika baskeli ya kawaida ekseli kazi yake ni kushika tu. Katika gurudumu lenye mota ekseli husimama, na mota hulisukuma gurudumu kulizunguka. Nguvu ile ile inayolisukuma gurudumu mbele huisokota ekseli nyuma. Isiposhikwa barabara, itageuka ndani ya fremu na kuukata waya unaopita ndani yake. Ndiyo maana ekseli imechongwa bapa pande mbili, na washa ina jino la kuingia katika nafasi ya fremu. Jino liingie ndani hasa, lisikae juu yake.

Kitabu cha baskeli kitakwambia ukaze kwa kipimo gani. Kwa ekseli za namna hii mara nyingi ni kiasi cha nyutoni-mita 40. Maana yake ni kama kutundika uzito wa kilo 16 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 25. Bolti ndogo za usukani hutaka kiasi cha 5 au 6 tu. Ukizivuta kwa nguvu za ekseli zitakatika. Mwenye kuweza na atumie spana ya kupimia nguvu.

6. Waya. Viunganishi vina mishale au rangi. Linganisha kisha sukuma moja kwa moja, bila kusokota. Waya usivutike usukani unapogeuzwa hadi mwisho kulia na kushoto. Waya wa mota uache uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye ekseli, ili maji ya mvua yadondoke chini yasifuate waya hadi ndani.

Kuijaribu

Sasa tia betri. Inua gurudumu la nyuma, washa umeme kwa nguvu ya chini kabisa, kisha bonyeza breki. Baskeli nyingi zina swichi ndani ya mkono wa breki inayoizima mota; hakikisha yafanya kazi. Halafu panda uwanjani, mahali tambarare, bila mzigo, ukasimame kwa breki mara kumi au zaidi. Breki mpya hazishiki vizuri mpaka zimezoea. Baada ya wiki ya kwanza kaza tena kila nati, na gusa spoki moja moja. Yenye mlio mzito kuliko wenzake imelegea.

Mzigo na mwendo

Tazama uzito wa mwisho ulioandikwa kitabuni, ukumbuke kwamba mara nyingi mpandaji amehesabiwa humo. Kama kikomo ni kilo 120, na mpandaji ana kilo 65, gunia moja la karafuu la kilo 50 lakufikisha 115. Magunia mawili hayawezekani, hata kama mota yaweza kuyavuta. Mota haikusaidii kusimama, na kwenye mteremko kila kilo huongeza kazi ya breki. Punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka.

Juu ya masafa, hesabu ni nyepesi. Zidisha volti kwa saa-ampea zilizoandikwa kwenye betri. Betri ya volti 36 na saa-ampea 10 ina saa-wati 360. Kwenye tambarare, nawe ukikanyaga, kisia saa-wati 10 kwa kilomita moja. Kwa hiyo wapata kiasi cha kilomita 36. Mlimani na mzigo kisia mara mbili yake, nayo masafa yatakuwa nusu. Kutoka Bukoba mjini hadi Muleba mjini ni kiasi cha kilomita 70, na betri kama hiyo haitoshi hata kwa kwenda. Kwa umeme wenyewe usihofu gharama: uniti moja ni saa-wati 1,000, basi kuijaza betri hii hakufiki hata nusu ya uniti.

Betri na ghala

Hapa twasema kwa mkazo. Betri za lithiamu zikiharibika huwaka kwa ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Tumia chaja iliyokuja na baskeli, wala si ya jirani inayofanana nayo. Tia moto mchana, watu wakiwa macho, juu ya saruji, mbali na kitanda na mlango. Usitie moto ndani ya ghala la karafuu, wala karibu na majamvi, magunia au makonyo. Betri iliyoanguka kwa kishindo, iliyovimba, iliyoingia maji, au inayonuka, isitiwe moto tena. Itoe nje ya nyumba, wala usiifungue. Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, iache imejaa kiasi cha nusu, mahali pasipo na jua.

Jambo moja wenzetu wa Kagera hawana nasi tunalo: ziwa lao ni la maji baridi, lakini upepo wetu una chumvi. Baskeli ioshwe kwa kitambaa chenye maji matamu, usiipige kwa mpira wa maji kwenye mota wala viunganishi, na nati zipakwe grisi nyembamba kila mwezi.

Mwisho

Ndugu Wanachama, hatuwakatazi kununua. Mwenyeji wetu wa Kamachumu aliyafunga upya yote kwa mchana kutwa, na tulipoondoka alikuwa akipanda kutoka Muhutwe na mzigo wake, nasi tukimfuata kwa gari. Fedha ile ile ya msimu ilimfaa mara hii, na tofauti ilikuwa washa moja na nati mbili. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwanachama asiyejiamini na amwite fundi baskeli wa mtaani kwake amtazamie kazi kabla ya kupakia gunia la kwanza. Ujira wake ni mdogo kuliko waya wa mota, na mdogo zaidi kuliko mguu uliovunjika.